Mtoto Aliyeona Hana PF3

Nyumba niliyokuwa nimepanga Temeke ilikuwa na vyumba sita, korido moja, na ua wa nyuma wenye bomba na choo cha wote. Kuta za vyumba hazikufika darini. Mtu akikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha sita anajua mwenzake kaamka. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa akimpiga mkewe. Haikuwa kila siku. Mara nyingi ilikuwa mwisho wa wiki, na mara nyingine akirudi mikono mitupu. Sote tulijua, na kila mmoja alijua kuwa wenzake wanajua. Mimi nilikuwa napandisha sauti ya redio. Asubuhi tulikutana kwenye foleni ya choo tukasalimiana: umeamkaje, salama, za kwako, nzuri.

Walikuwa na binti wa miaka mitano. Mchana alicheza baba na mama pale uani na watoto wa vyumba vingine. Vifuniko vya soda vilikuwa masufuria, majani ya mwarobaini yalikuwa mchicha, na magunzi ya mahindi yaliyoviringishiwa vipande vya khanga ndio walikuwa watoto. Siku moja nikiwa nafua niliona jambo ambalo nilichelewa sana kulielewa. Kila ilipokaribia saa ya "baba" kurudi kazini, yule binti aliacha kupika, akachukua gunzi dogo kuliko yote, akalifunika kwa ndoo, kisha akakaa juu ya ndoo. Baba akija, akapewa chakula, akaondoka, ndipo ndoo inafunuliwa. Mchezo ukaanza upya, na ndoo ikarudi palepale. Mara tatu, mara nne. Mwenzake mmoja akachoka, akalalamika kwamba yule mtoto naye anatakiwa ale. Binti akamjibu bila kumtazama: "Huyu hayupo."

Wiki chache baadaye, usiku, mambo yaliharibika. Mama alitoka mbio akiwa ameshika jicho, damu imelowesha khanga. Mjumbe akaitwa, wakaenda kituoni, wakapewa PF3, wakaenda hospitali. Binti akaachwa kwangu. Alikaa kizingitini na andazi mkononi, akalishika mpaka likakauka. Kila mtu mzima aliyepita aliniuliza swali lilelile: "Mtoto hakuguswa?" Nikajibu hakuguswa. "Alhamdulillahi." Habari yake ikaishia hapo.

Nataka kubishana na jibu langu lile. PF3 ni fomu ya polisi ya kumpeleka aliyeumizwa kwa daktari, naye daktari huandika humo alichokiona mwilini: jicho limevimba, mfupa umevunjika, jeraha lina urefu huu. Ni karatasi yenye kazi kubwa, na kesi nyingi zingekufa bila hiyo. Lakini utaratibu mzima uliojengwa kuizunguka, kuanzia kituo cha polisi mpaka mahakamani, unamtafuta mwenye alama. Mtoto aliyekuwa chini ya kitanda hana alama. Hana PF3, hana faili, hana tarehe ya kurudi kliniki. Akionekana kwenye shauri la wazazi wake, anaonekana kama shahidi au kama mzigo wa mama: nani atakaa naye, nani atamlisha.

Na watoto hao si wachache. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa wanawake 4 kati ya 10 wa umri wa miaka 15 hadi 49 Tanzania walikuwa wameshapata ukatili wa kimwili tangu walipofika miaka 15. Utafiti huohuo uliuliza kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu fulani, mathalani kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Asilimia 58 ya wanawake na asilimia 40 ya wanaume walikubali walau sababu moja. Nimeirudia namba ile ya wanawake mara nyingi, kwa sababu wengi wao ndio mama wa watoto ninaowazungumzia, na wengi wao walikuwa mabinti wadogo uani kabla ya kuwa mama wa mtu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Watoto, UNICEF, lilikadiria mwaka 2017 kwamba duniani kote mtoto 1 kati ya 4 wa chini ya miaka mitano anaishi na mama anayefanyiwa ukatili na mwenza wake. Hao ni watoto milioni 176. Wengi hawajajifunza hata kuhesabu.

Tunajifariji kwa kusema mtoto mdogo hajui kitu, atasahau. Ukweli ni kwamba mtoto wa miaka mitatu hana maneno ya kusimulia, lakini mwili wake umeandika kila kitu. Mlango ukibamizwa anaganda. Aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anaanza tena. Usiku anaweweseka, mchana anamng'ang'ania mama hadi chooni, au kinyume chake anakuwa mpole kupita kiasi, mtoto wa kusifiwa na wageni kwamba hana usumbufu. Mwingine anapiga wenzake. Mwaka 1998 madaktari wawili wa Marekani, Vincent Felitti na Robert Anda, walitoa utafiti uliowauliza maelfu ya watu wazima kuhusu utoto wao. Swali mojawapo lilihusu kama mama alikuwa akipigwa nyumbani. Waliokuwa na madhila mengi ya aina hiyo utotoni ndio walioongoza ukubwani kwa ulevi, kujaribu kujiua, hata maradhi ya moyo. Mshipa wa damu wa mtu wa miaka hamsini unakumbuka kelele za korido.

Sasa fikiria tunavyomsaidia mtoto huyu pale anapobahatika kufikishwa kwenye msaada. Anaketishwa kwenye kiti ambacho miguu yake haifiki chini. Mbele yake kuna meza, nyuma ya meza mtu mzima mwenye kalamu. "Haya mwanangu, sema, nini kilitokea? Usiogope." Mtoto anatazama chini. Anaulizwa tena, safari hii kwa sauti ya kubembeleza. Kimya. Mtu mzima anaandika kwamba mtoto hana maelezo. Mara nyingi huyo aliyemuuliza ana huruma ya kweli na nia njema. Kosa lake ni kudai maneno kwa mtu ambaye bado hana akiba ya maneno, ilhali wiki nzima mtoto huyo amekuwa akitoa maelezo yake uani kwa magunzi na ndoo, mbele ya kila aliyekuwa anafua.

Hapa ndipo tiba ya michezo inapoingia, na nataka niieleze vizuri kwa sababu watu wengi wakisikia jina hilo wanadhani ni kumnunulia mtoto midoli ili asahau shida. Mizizi yake ni ya miaka ya 1920, pale wataalamu wawili wa tiba ya nafsi, Melanie Klein na Anna Freud, kila mmoja kwa njia yake na kwa ubishi mkali kati yao, walipoanza kutumia michezo kuwafikia watoto ambao hawakuweza kulala kwenye kochi na kusimulia ndoto kama watu wazima. London, katika miaka hiyohiyo, daktari Margaret Lowenfeld aliwawekea watoto trei ya mchanga na vitu vidogovidogo: watu, wanyama, nyumba, uzio, magari. Watoto wakajenga dunia zao humo, na Lowenfeld akajifunza kuzitazama bila kuzivuruga. Baadaye, mwaka 1947, mwanasaikolojia Virginia Axline wa Marekani aliandika misingi ambayo mpaka leo wanasihi wengi wa watoto wanaifuata. Mtoto ndiye anayeongoza njia, mtu mzima anafuata. Hamharakishi. Anamkubali kama alivyo. Anamrudishia kwa maneno mepesi kile anachokiona ili mtoto ajue kuwa ameonekana. Anaweka mipaka michache tu, ile inayomlinda kila mmoja.

Tuseme binti wa ndoo angefika mbele ya mtu aliyefundwa kazi hii. Chumba ni kilekile kila wiki, saa ileile, vitu viko mahali palepale alipoviacha, maana mtoto ambaye nyumbani kwake lolote linaweza kutokea dakika yoyote anahitaji kwanza sehemu moja duniani isiyobadilika. Kuna vitu vya nyumbani: vikombe, kitanda kidogo, wanasesere wa baba, mama, bibi, watoto. Kuna vya kutolea hasira: simba wa plastiki, askari, mto wa kupigwa. Kuna vya kuumbia: udongo, karatasi, rangi, mchanga. Binti anafunika mwanasesere mdogo kwa kikombe. Mnasihi hamuulizi kwa nini. Hamwambii "huyo ni wewe, sivyo?" Anasema tu: "Umemfunika. Hakuna anayeweza kumwona sasa." Anakaa naye hapo, muda wote ambao mtoto atataka akae.

Mtu asiyeijua kazi hii ataona hakuna kilichofanyika. Lakini kwa mara ya kwanza mtoto amefanya jambo lile mbele ya mtu mkubwa ambaye hakugeuka, hakucheka, hakumwambia acha mchezo mbaya. Wiki nyingine anaweza kumpa yule aliyefunikwa chakula kupitia upenyo. Nyingine anaweza kumleta bibi akae mlangoni, au kumfungia simba ndani ya sanduku na kumgombeza. Akimnyanyulia mnasihi kigari ampige nacho, ataambiwa kwa utulivu: "Naona umekasirika sana. Mimi si wa kupigwa. Mto huu unaweza kuupiga." Katika sentensi hizo tatu fupi mtoto anapata alichokosa nyumbani: hasira yake imetajwa bila aibu, mwili wa mtu umelindwa, na hakuna aliyelipa kisasi. Mtoto aliyezoea kwamba hasira inamalizikia kwenye jicho la mama anaona kwa macho yake kuwa inaweza kumalizikia kwenye mto.

Watanijibu wengine kwamba watoto wetu wanacheza kutwa: kombolela, rede, mdako, gari la waya, ng'ombe wa udongo, na kama michezo ni dawa basi wote wangekuwa wameshapona. Hoja hii naiheshimu, na jibu lake liko katika kisa cha kweli. Julai 1976, mji wa Chowchilla, California, watoto 26 walitekwa wakiwa kwenye basi la shule pamoja na dereva wao, wakafungiwa ndani ya tela la lori lililofukiwa ardhini kwenye machimbo ya mawe. Walitoka wote wakiwa hai. Daktari Lenore Terr aliwafuatilia na akagundua kwamba walikuwa wakicheza utekaji ule tena na tena, mchezo usio na kicheko wala mwisho mpya, na kila ukimalizika wamebaki na hofu ileile. Mchezo wa kawaida humpumzisha mtoto. Mchezo wa jeraha unaweza kuzunguka kama ng'ombe wa kinu cha mafuta, siku nzima yuko palepale. Ndoo ya Temeke ilizunguka namna hiyo. Alichokosa binti yule ni mtu mzima tulivu wa kukaa kando yake mpaka mchezo upate njia nyingine, na sisi watu wazima tulikuwa tele pale uani, tunafua, tunachambua mchicha.

Wala sisemi kwamba jamii zetu hazikuwahi kujua haya. Zamani mtoto wa nyumba yenye vita alipelekwa kwa bibi, na kwa bibi kulikuwa na mambo mawili makubwa: usalama na hadithi. Paukwa, pakawa. Katika hadithi hizo Sungura, mnyama mdogo asiye na meno ya kutisha, anamshinda Fisi kila jioni, na mtoto anayesikiliza gizani anajua fika Fisi wake ni nani. Hakuna anayemlazimisha kumtaja. Mnasihi wa leo anayeshika mdoli wa mkononi London au Nairobi yuko karibu sana na bibi yule. Lakini bibi huyohuyo, asubuhi mtoto akianza kusema aliyoyaona, alimziba mdomo: mambo ya ndani hayatoki nje. Funika kombe mwanaharamu apite. Tumelifunika kombe vizazi vingapi, na anayebaki chini yake ni mtoto. Isitoshe, bibi wa leo anaweza kuwa Singida na mjukuu yuko Temeke, na nauli hakuna.

Kuna tahadhari ambazo mtetezi wa tiba hii asipozisema atakuwa anaidhuru. Ya kwanza ni kwamba mchezo si ushahidi. Mtoto kumpiga mwanasesere wa baba hakuthibitishi kwamba baba alifanya jambo fulani tarehe fulani. Marekani walijifunza hilo kwa gharama kubwa katika kesi ya tuhuma za kuwadhalilisha watoto kingono katika shule ya awali ya McMartin, California, iliyoanza mwaka 1983. Watoto walihojiwa kwa wanasesere na maswali ya kuwaelekeza jibu, tuhuma zikazaa tuhuma, na kufikia mwaka 1990 kesi ikaisha bila mtu hata mmoja kutiwa hatiani. Waliopoteza zaidi ni watoto, wa shule ile na wengine wote ambao baadaye hawakuaminiwa. Kwa hiyo anayemhoji mtoto kwa ajili ya polisi na anayemtibu wawe watu wawili tofauti, na anayemtibu asichomeke jibu kinywani mwa mtoto hata kwa nia njema.

Ya pili ni nzito zaidi. Tiba isimfundishe mtoto kuvumilia kipigo. Kama kila Jumatano anacheza kwa amani na kila Jumamosi anarudi chini ya kitanda, tutakuwa tunamfuta machozi huku moshi unaendelea kumwingia. Usalama unatangulia: mama apate pa kwenda, mpigaji azuiwe, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lifanye kazi yake, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo tangu siku hiyo inakataza mwenza kumwadhibu mwenzake kwa viboko, isomwe kwa sauti katika mabaraza yanayowarudisha wanawake nyumbani "wakayamalize". Hata hivyo sikubaliani na wanaosema tusubiri usalama kamili ndipo tiba ianze. Wanawake wengi hawaondoki mwaka huu, kwa sababu za kodi, za watoto, za hofu. Mtoto wa miaka mitano akisubiri miaka mitatu, atakuwa amesubiri zaidi ya nusu ya umri aliokuwa nao. Anachoweza kupewa leo apewe leo, mradi yule anayempa anaendelea kusukuma mlango wa usalama.

Na mama asiachwe nje ya chumba. Hili ndilo eneo ambalo ushahidi umenishawishi kuliko yote. Mwaka 2005 Sue Bratton na wenzake walikusanya tafiti 93 za tiba ya michezo, wakaona watoto waliotibiwa walipata nafuu ya kueleweka, na nafuu ilikuwa kubwa zaidi mzazi aliposhirikishwa. Nyingi za tafiti zile zilikuwa ndogo, kwa hiyo siwezi kuzibebesha uzito wote wa hoja. Lakini mwaka huohuo Alicia Lieberman na wenzake wa San Francisco walichapisha utafiti unaotuhusu moja kwa moja: watoto 75 wa miaka mitatu hadi mitano walioshuhudia mama zao wakipigwa. Kundi moja lilipata tiba ya mama na mtoto pamoja, wakicheza huku mnasihi akiwa kati yao, kila wiki kwa karibu mwaka mzima. Watoto wa kundi hilo walitulia zaidi kuliko wenzao, na mama zao nao walianza kuacha kuyakwepa yaliyowapata.

Nikiwaza jinsi inavyofanya kazi, naiona hivi. Mama aliyepigwa mara nyingi hawezi kuutazama mchezo wa mwanawe. Akiona ndoo anaona usiku ule. Anamwambia mtoto aache, au anamchapa, kwa sababu mchezo ule unamshtaki kwa kosa ambalo si lake. Akikaa na mtu anayemwambia taratibu, "Mama, hakulaumu, anakuonyesha alivyoogopa," kitu kinalegea. Siku mama mwenyewe anapofunua ndoo na kumpakata yule mwanasesere, mtoto amepata tiba ambayo mnasihi peke yake asingeweza kuitoa hata kwa miaka kumi.

Nani atafanya kazi hii Tanzania au Kenya, ambako wanasaikolojia wa watoto wamejazana mijini na hata huko hawatoshi? Wapo watu tayari, ila hawajafundwa. Kuna utafiti uliofanywa Moshi na Bungoma kwa watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na wazazi na kubaki na kiwewe. Waliotoa tiba, iliyokuwa ya mazungumzo na mazoezi kwa vikundi na ikawahusisha walezi, hawakuwa wataalamu wa afya ya akili. Walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa kwa karibu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa katika maeneo matatu kati ya manne watoto waliotibiwa walipata nafuu kuliko waliobaki na huduma za kawaida. Tiba ile haikuwa ya michezo, na msiba si sawa na kipigo. Lakini imevunja kisingizio kwamba hatuwezi kumtibu mtoto mpaka tupate wataalamu wa shahada tatu kila wilaya. Afisa ustawi wa jamii, muuguzi wa kituo cha Mkono kwa Mkono kinachowahudumia waathirika wa ukatili mahali pamoja, mwalimu wa awali, wote wanafundishika. Neno la kushikilia ni kusimamiwa. Semina ya siku mbili yenye posho na cheti haimfanyi mtu kuwa mnasihi wa watoto, na mtu aliyefundwa nusu akipewa chumba cha wanasesere anaweza kuchokonoa kidonda asichojua kukifunga.

Vifaa havipaswi kutukwamisha. Beseni, mchanga safi wa kuchekecha, magunzi, vitambaa, udongo wa kichuguu, gari la waya. Mtoto wa Temeke akipewa nyumba ya plastiki yenye bafu la kuogea la kizungu na baba mwenye nywele za njano atashangaa kwanza, kisha atacheza maisha ya watu wengine. Mpe jiko la mkaa, kigoda, ndoo na korido. Gharama halisi iko kwenye muda wa mtu: saa moja kila wiki, mtu yuleyule, miezi kadhaa, bila kuhamishwa kituo kila baada ya wiki tatu. Serikali zetu zinajua kununua vitu, ila kulipia muda wa mtu wa kukaa chini sakafuni na mtoto bado hazijakuzoea, na hapo ndipo ningependa kuwaona wabunge wakibishana wakati wa bajeti ya wizara.

Shule nayo iingizwe haraka, kwa sababu huko mtoto huyu anakamatwa kwa jina jingine. Anaitwa mtukutu, mvivu, mwenye kiburi. Anampiga mwenzake kama alivyoona, naye anachapwa, maana kanuni za viboko bado zinaruhusu fimbo katika shule za Tanzania Bara. Kufikia saa nne asubuhi amefundishwa somo lilelile nyumbani, uwanjani na ofisini kwa mwalimu mkuu: mwenye nguvu anapiga. Mwalimu wa awali anayejua kutazama kona ya michezo dakika kumi kwa siku anaweza kuwa mtu wa kwanza kugundua, kabla ya polisi, kabla ya hospitali, na simu 116 ya huduma kwa mtoto ni ya bure.

Sheria inaweza kuanza na jambo dogo. England na Wales, kwa sheria yao ya ukatili wa majumbani ya mwaka 2021, zinamtambua mtoto aliyeona, aliyesikia au aliyepatwa na athari za ukatili kuwa mwathirika kwa nafsi yake. Afrika Kusini, kwa sheria ya marekebisho Na. 14 ya 2021, iliingiza kumshuhudisha mtoto ukatili wa nyumbani ndani ya tafsiri ya ukatili wenyewe. Sisi Tanzania tuliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na ibara yake ya 39 inazidai nchi zimsaidie mtoto aliyeathiriwa na ukatili apone, mwili na akili. Kabla hata ya kubadili sheria, naomba mstari mmoja kwenye daftari la Dawati na kwenye kitabu cha mapokezi cha hospitali, uulizwe kila mara mwanamke anapoletwa amepigwa: watoto walikuwepo? Wangapi? Umri gani? Wako na nani sasa? Yatakayoandikwa hapo ndiyo yatatuambia tunahitaji vyumba vingapi na watu wangapi wa kukaa ndani yake.

Usiku ule Temeke mjumbe aliandika jina la mume, jina la mke, namba ya nyumba na saa. Alikuwa mtu makini, aliandika kwa mwandiko mzuri, na tochi yangu ndiyo iliyommulikia. Binti alikuwa hatua mbili kutoka kwake. Mwisho wa mwezi familia ilihama, vyombo vyao juu ya mkokoteni, godoro limefungwa kwa kamba, na mtoto amekaa juu ya godoro ameshika ndoo.